Sikio na Gia za Nailoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kiwandani aliyemwita kwa jina hilo alikuwa mgeni, na wageni wenyewe hawakumaliza wiki mbili kabla ya kumwita Sikio kama wenzao. Alikuwa fundi wa mashine saba za kufuma masweta ya shule, mtu wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na bisibisi ndefu isiyotoka kwenye mfuko wa kifuani. Bisibisi hiyo hakuitumia sana kufungulia skrubu. Aliisimamisha ncha juu ya mashine, akaukandamiza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akatoa hukumu: "Beringi ya kushoto inakufa. Tuipe wiki." Na kabla wiki haijaisha, beringi ilikuwa imekufa kweli.

Jina la Sikio alilipata mwaka wake wa nne kazini. Asubuhi moja alikuwa anapita getini, chai haijashuka tumboni, akasimama ghafla na kuwaambia walinzi kwamba mashine namba moja izimwe sasa hivi. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Kutoka getini hadi ukumbini ni hatua sabini, na katikati kuna stoo ya nyuzi. Lakini mashine ilipofunguliwa, shafti ilikutwa imepasuka, imebaki kushikana kwa unene wa ukucha. Tangu siku ile hakuna aliyebishana naye kuhusu kelele, na kidogo kidogo ikawa sheria ya ukumbi ambayo haikuandikwa popote: mashine haina ugonjwa mpaka Sikio aseme.

Tuseme ukweli, sheria hiyo ilimnogea. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuivunja, naye alikuwa Mama Pacha, mfumaji wa namba nne. Miaka miwili nyuma masweta yake yalianza kutoka na matundu madogo begani. Akaenda kwa Sikio akamwambia, mbele ya watu, kwamba mashine inagonga. Sikio alisimamisha bisibisi, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. "Mashine haina kosa," alisema. "Kosa ni la mkono." Mama Pacha akahamishiwa kwenye benchi la vifungo, kazi ya wanaoanza, na akakaa hukohuko na sindano yake. Hakulia, hakununa, ila salamu zake kwa Sikio zilifupika. Wengine walijifunza kufunga midomo.

Mambo yalianza kuharibika pale Meneja, mama mwenye miwani na haraka nyingi, alipowaita wote asubuhi ya Ijumaa. Aliinua sweta jeupe lenye doa la grisi kubwa kama kiganja.

"Hili ni la kumi na tisa mwezi huu," alipaza sauti ili ashinde mashine. "Shule wanayarudisha. Halafu majirani nao wamechoka na ngurumo zetu. Kwa hiyo tutajaribu gia za plastiki. Hazitaki grisi, hazina kelele, na zinakula umeme kidogo. Tunaanza na namba mbili. Zikipita wiki moja salama, tunabadilisha mashine zote."

Sikio alisikia neno plastiki, na machale yakamcheza. Plastiki ni ndoo. Plastiki ni sahani za watoto. Lini plastiki ikasukuma mashine ya kufuma? Na zaidi ya hapo, mashine zikinyamaza zote saba, yeye atakuwa fundi wa nini? Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekula kwa sikio lake. Alitazama bisibisi kifuani.

"Nani anachonga hizo gia?" aliuliza.

Meneja alicheka. "Si mkweo?"

Hapo ndipo shaka ilipozidi. Mkwe huyo, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mchongaji wa vipuri katika karakana ya mtaa wa pili. Kijana mrefu, mpole, na mwenye adabu kupita kiasi. Lakini alikuwa na kasoro moja ambayo Sikio hakuweza kuimeza: alikuwa anaongea na kola ya shati lake. Siku ya kujitambulisha alizungumza robo saa nzima, na Sikio aliambulia maneno manne. Katika fikra za Sikio, mtu mwenye nia njema hutoa sauti. Anayemumunya maneno ana jambo analificha, na miaka mitatu ya ndoa haikumbadilisha mawazo.

Na kusema kweli, mkwe hakuwa peke yake. Siku hizi nyumba nzima ilikuwa na siri. Mke wa Sikio na binti yao walikuwa wakinong'onezana jikoni, na yeye akiingia wananyamaza na kumtazama usoni. Kulikuwa pia na mtu aliyekuwa akipunguza sauti ya redio kila yeye alipogeuza mgongo. Alipouliza, mkewe alimjibu, "Hakuna aliyeigusa, mume wangu. Na usinipigie kelele, niko hapa hapa." Yeye hakuwa amepiga kelele. Alikuwa ameuliza kwa upole kabisa.

Jumapili mchana mkwe alikuja na sanduku la mbao. Aliinama akaamkia.

"Shikamoo, Baba."

Hiyo Sikio aliipata, maana alikuwa anaitarajia. "Marahaba. Tuone hayo maajabu yako."

Gia zilikuwa nyeupe kama maziwa, nyepesi mno, meno yake mapana. Sikio alizigeuza, akazinusa, akazigonga kwa ukucha. Kisha akatoka na moja hadi kwenye jiwe la mlangoni akaipiga nyundo. Gia iliruka, ikagonga ukuta, ikarudi miguuni pake haina hata ufa. Watu wengine wangefurahi. Sikio alikunja uso, maana kitu kinachopigwa nyundo kisilie wala kuvunjika kilimtia wasiwasi.

"Ni nailoni ngumu, Baba," mkwe alisema, na safari hii alijitahidi kupaza sauti. "Nguvu zake hazifiki za chuma, sikudanganyi. Ndiyo maana nimeyafanya meno mapana. Na kila gia ya nailoni itazunguka na ya chuma, ili chuma kiondoe joto. Adui yake ni joto." Kisha akaendelea na jambo jingine refu, akiliambia sanduku alilokuwa analifunga, na Sikio hakupata hata neno moja la hilo. Akaitikia kwa kichwa tu. Hakutaka kuonekana mzee wa kurudiwarudiwa.

Mkwe alimwangalia kidogo. Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika juu ya kifuniko cha sanduku kwa herufi kubwa: ACHA NAFASI YA KARATASI TATU. NAILONI INAKUNYWA MVUKE, INAVIMBA.

Hayo nayo yakawa mapya. Kwa nini mtu aandike jambo aliloweza kulisema? Sikio alilala na swali hilo, akaamka nalo. Anayeandika anatafuta ushahidi. Gia zikifa, atasema, si nilimwandikia?

Sasa, ili mtu aelewe kosa lililofuata, ajue kwanza jinsi Sikio alivyokuwa anafunga gia. Kati ya meno ya gia moja na nyingine alipitisha karatasi moja ya sigara, ingawa yeye mwenyewe hakuvuta. Alizungusha kwa mkono, karatasi ikatoka upande wa pili. Ikitoka imechanika, gia zimebanana mno. Ikitoka safi, zimeachana mno. Ilitakiwa itoke na alama za meno tu, bila kuchanika. Karatasi moja, miaka thelathini na mmoja, na hakuna mashine iliyowahi kumlaumu. Karatasi tatu kwake ilikuwa kazi ya mlevi. Fundi anayetaka nafasi ya karatasi tatu, aliamua, ni fundi aliyechonga meno yasiyolingana na anatafuta mahali pa kuyafichia. Yeye hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alifunga gia nyeupe za namba mbili kwa karatasi moja. Ilitoka na alama nzuri kabisa. Aliikunja, akaiweka mfukoni.

Umeme ulipowashwa, namba mbili ilianza kufuma kama kawaida. Wanawake waliacha kazi wakaja kutazama. Dada aliyekuwa anaiendesha alicheka akasema kitu, na wenzake wakacheka pia, bila kupiga makelele wala kuonyeshana kwa mikono kama walivyozoea. Mshale wa kipimo cha umeme ukutani ulisimama chini ya pale uliposimama miaka yote. Sikio aligonga kioo chake mara mbili kwa kidole, usije ukawa umekwama. Haukuwa umekwama. Aliweka kiganja juu ya mota, mota ile iliyozoea kuunguza, akakuta vuguvugu tu. Sweta la kwanza lilitoka halina doa.

Alisimamisha bisibisi. Aliukandamiza mpini nyuma ya sikio mpaka mfupa ukauma. Kutoka mashine sita za chuma alipata ngurumo aliyoijua. Kutoka namba mbili hakupata kitu.

"Inaficha kitu hii," alisema.

Siku nzima aliizunguka. Jumanne vilevile. Gia ya chuma ikiumwa huwa inalalamika, na fundi anaijibu kwa spana, basi. Hii nyeupe ilizunguka na kuzunguka bila hata kukohoa, na yeye akazidi kuichukia. Alikula chakula cha mchana amesimama karibu nayo. Alivizia. Akilini aliona siku ambayo Meneja atamwambia, kwa heshima zote, kwamba mashine hazihitaji tena mtu wa kuzisikiliza.

Namba mbili, ni vizuri tukumbuke, ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, jirani na meza za pasi za mvuke. Asubuhi hadi jioni mawingu ya mvuke yaliipitia.

Jumatano, yapata saa tatu asubuhi, dada wa namba mbili aligeuka akamtazama Sikio. Sikio alikuwa hapo hapo, hatua moja, bisibisi mkononi. Dada akageuka tena kwenye nyuzi. Baada ya muda akamtazama mara ya pili, uso umekunjana. Sikio aliinua macho akaona kwamba hata wa namba tatu anamtazama, na wa pasi, na wa benchi la vifungo. Wote wanamtazama, na wote wakikutana na macho yake wanainama.

Wamekwisha kula njama, alijiambia. Mkwe amewapitia. Wanangoja nikiri kwamba plastiki imenishinda.

Ili kuwakata maini, alisimamisha bisibisi juu ya namba mbili mbele ya wote, akafumba macho, akasikiliza kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Alipata mtetemo mdogo kwenye mfupa, basi. Akafumbua macho.

"Iko sawa," alisema. "Endelea."

Dada alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kufuma. Wa pasi alijichomeka pamba za nyuzi masikioni. Sikio aliliona hilo pia, na akalitafsiri kuwa ni dharau.

Saa nane mchana aliipata harufu. Pua yake haikuwa na kasoro. Harufu kama ya kifungo kilichoguswa na pasi, kisha namba mbili ikatetemeka, ikakwama, na mota ikaanza kunguruma bila kuzungusha kitu. Sikio aliruka akavuta swichi kubwa ya ukuta, na mashine zote saba zikazima.

Alipofungua kifuniko, gia ya nailoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Meno yake yalikuwa yamelegea na kulala upande mmoja kama mishumaa iliyosahauliwa juani. Na hapa tusimsitiri: mzee alifurahi. Alimwita Meneja, akaagiza mkwe aitwe sasa hivi, akaishika ile gia kwa kitambaa juu juu ili kila mtu aione.

Mkwe alikuja mbio, aproni imejaa maganda meupe ya nailoni.

"Shikamoo, Ba..."

"Tazama kazi yako!" Sikio alimkatiza. "Imekufa kimya kimya kama mwizi! Chuma kingenililia tangu jana. Hii imenyamaza mpaka ikafa. Meneja, mimi nilisema. Hiki kitu kinaficha!"

Mkwe aliipokea gia, akaigeuza. Hakuonyesha hasira. Akasogea mbele ya Sikio, uso kwa uso, akasema polepole na kwa sauti, "Baba, uliacha karatasi ngapi?"

"Moja. Kama siku zote."

Mkwe aliitazama tena gia. "Ndiyo maana. Imekunywa mvuke ikavimba, ikabanana, ikapata joto. Lakini, Baba, haiwezi kufa kimya. Ikianza kubanana inapiga mluzi. Mluzi mwembamba, mkali. Masaa mengi kabla ya kufa."

"Haikupiga."

"Lazima ipige, Baba."

"Nilikuwa nimesimama juu yake! Tangu asubuhi! Nasema haikupiga!"

Mashine zote zilikuwa zimezimwa, na ukumbi ulikuwa umetulia kama maji mtungini. Sikio aliona vichwa vikigeuka kuelekea benchi la vifungo, naye akageuka. Mama Pacha alikuwa amesimama, sindano mkononi, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Sema kwa sauti," Sikio alisema. "Mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni, Mzee." Mama Pacha alitoka kwenye benchi, akaja karibu. "Nasema imepiga. Tangu saa tatu. Mluzi mpaka meno yanatuuma."

"Mbona hakuna aliyesema?"

Mama Pacha aliwaangalia wenzake, akarudisha macho kwake. "Ulikuwa na bisibisi sikioni, Mzee. Ukasema iko sawa. Tukasema, kama Sikio anaisikia na hajali, basi labda gia hizi ndivyo zinavyotakiwa zilie."

Sikio alimtazama dada wa namba mbili. Dada aliitikia kwa kichwa. Alimtazama Meneja.

"Hata mimi niliisikia," Meneja alisema. "Nikiwa ofisini, mlango umefungwa. Nikajua uko nayo."

Sikio alitaka kusema kwamba wanadanganya. Neno lilifika mdomoni. Lakini alimwona mkwe wake akiinamisha macho, na katika kuinama huko hakukuwa na ushindi wowote, kulikuwa na huruma tu, na akakumbuka herufi zile kubwa juu ya kifuniko. Kijana hakuwa anatafuta ushahidi. Kijana alikuwa anajua. Alikuwa anajua kabla yake, na mkewe anajua, na binti yake anajua, na redio haikuwa imeguswa na mtu. Miaka thelathini na mmoja ya ngurumo ya chuma aliyoipenda, na ngurumo hiyo ndiyo iliyomla sikio.

Hofu ya pili ilikuja nyuma ya ile ya kwanza, nayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Namba nne," alisema. "Mama Pacha, ulisema inagonga."

"Nilisema."

"Iliacha lini?"

"Haijaacha," Mama Pacha alijibu, akimtazama machoni. "Mpaka leo ulipoizima."

Shaka ni tabia, nayo haimtoki mtu kwa siku moja. Sikio hakumwamini. Alikwenda kwenye kikapu cha masweta yaliyokataliwa, akachomoa matatu ya namba nne yaliyofumwa wiki hiyo na mfumaji mwingine kabisa, akayatandaza mezani chini ya taa. Matundu yalikuwepo. Aliweka kidole kwenye tundu la kwanza akahesabu mistari hadi la pili: ishirini na minne. Hadi la tatu: ishirini na minne. Akachukua sweta la pili. Ishirini na minne. Mkono wa binadamu haukosei kwa hesabu namna hiyo. Kitu kinachozunguka ndicho kinachokosea hivyo, na hilo angeweza kulifundisha akiwa usingizini. Miaka miwili iliyopita hakulitazama sweta hata moja. Alisikiliza tu.

Alifungua kifuniko cha namba nne kwa ile bisibisi. Alizungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, polepole, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita juu ya meno ya gia ya chuma, jino kwa jino, katikati ya grisi. Kilipofika pale, kilizama. Jino lilikuwa limemeguka nusu. Mahali palipovunjika hapakuwa pakali tena. Palikuwa pamelainika kwa kugongwa, kila mzunguko, kila siku ya kazi.

Alibaki ameinama, kidole kiko mle mle. Meneja aliivua miwani yake akaishika tu.

"Mama Pacha," Sikio aliita.

Alikuja. Sikio alimwonyesha mahali, naye akaingiza kidole chake chembamba kilichojaa alama za sindano, akaligusa jino lile. "Ndilo hili," alisema. Sikio hakuisikia sauti yake, lakini safari hii alikuwa anautazama mdomo, na maneno aliyapata yote mawili.

Alisogeza kichwa karibu na kitambaa alichojifunga Mama Pacha kichwani, maana lilikuwa jambo la kati yao wawili, na hakuwa tayari wengine walijue. Akashusha sauti kadiri alivyoweza.

"Nisamehe," alimnong'oneza.

Ukumbi mzima ulisikia, na walinzi wa getini wakageuza vichwa.